Taka za nyumbani Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutenganisha na kurejeleza

Maswali haya tumeulizwa vibarazani, kwenye vikao vya mtaa, kwenye foleni ya maji, na zaidi ya yote milangoni, Ipagala, Nkuhungu, Chang'ombe na Area C. Mimi na majirani wachache tumekuwa tukipita nyumba kwa nyumba kuzungumza habari ya taka. Hatuuzi chochote. Swali lenye mambo mengi nimelijibu kwa urefu, na lililohitaji neno moja nimelipa neno moja.

Watu hawatenganishi taka kwa sababu hawana elimu. Si ndivyo?

Hapana, na hili nalisema kwa uhakika wa mtu aliyesimama milangoni mingi. Muulize mama yeyote wa Chang'ombe chupa tupu ya maji inakwenda wapi, atakuambia inauzwa kwa kilo. Muulize maganda ya viazi yanafaa nini, atakuambia mbuzi au mbolea. Bibi yake kule kijijini alikuwa akimwaga majivu na mabaki shambani kabla yeye hajazaliwa. Ufahamu upo. Kinachokosekana ni ndoo ya pili, mahali pa kuiweka, na mtu wa kuja kuchukua kilichomo.

Mwanzoni tulikuwa tunauliza hivi: "Je, uko tayari kutenganisha taka zako?" Karibu kila mtu alijibu ndiyo, tena kwa tabasamu. Nani atamkatalia mgeni aliyesimama mlangoni na daftari juani? Tulirudi tukifurahi, tukidhani kazi imekwisha. Wiki chache baadaye tulipopita tena, ndoo zilikuwa zilezile. Siku hizi tunaomba jambo moja tu: "Mama, tunaomba tuone ndoo yako ya taka." Watu hucheka kwanza, halafu wanafunua. Ndani unakuta maganda ya nyanya na ndizi, ukoko wa ugali, chupa mbili za maji, kopo la mafuta ya kujipaka, pampasi iliyofungwa kwenye mfuko, na juu yake vyote vimemwagiwa mchuzi wa maharage uliochacha. Ile chupa iliyokuwa ya kuuza asubuhi, jioni imeshakuwa uchafu ambao hakuna mtu anayetaka kuugusa. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanzia.

Jambo jingine tulilojifunza ni kuangalia anayejibu ni nani. Mara nyingi anayetoka getini ni baba au mama mwenye nyumba, lakini anayeshika ndoo ni dada wa kazi au mtoto wa darasa la tano. Baba anakubali, dada hajaambiwa kitu. Tangu tulipoanza kuomba dada naye aitwe, na kumsikiliza kwanza yeye, mambo yamekwenda tofauti kabisa.

Kurejeleza taka maana yake ni kuokota chupa?

Chupa ni sehemu ndogo. Kurejeleza ni kukifanya kitu kilichotupwa kiwe malighafi tena: chuma chakavu kinayeyushwa kuwa nondo, chupa ya plastiki inasagwa kuwa vipande vya kutengenezea bidhaa nyingine, boksi linalowekwa majini na kupondwa kuwa karatasi, ganda la ndizi linaoza kuwa mboji. Kutumia tena ni jambo jingine, na kwetu ni la zamani: dumu la mafuta ya kula linalotekea maji, chupa ya konyagi inayowekewa asali, kreti ya soda inayorudi kiwandani na chupa zake. Kutumia tena ni bora kuliko kurejeleza, kwa sababu hakuhitaji kiwanda wala gari. Tuzihesabu zote mbili.

Dodoma inazalisha taka kiasi gani, na zinakwenda wapi?

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ilihesabu 765,179 katika Jiji. Miaka 10 tu. Katikati hapo Serikali ilihamia, na 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Kila aliyehama alikuja na jiko lake.

Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2018 kuhusu taka duniani ilikadiria kuwa mtu mmoja kusini mwa Sahara anazalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Ukizidisha kwa watu wetu unapata kama tani 350 kila siku. Ni hesabu ya kukadiria, lakini inatosha kukuonyesha kuwa hakuna idadi ya magari itakayotosha ikiwa kila kitu kitapandishwa kwenye gari. Ripoti hiyohiyo inaonyesha kuwa katika nchi za kipato cha chini zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani. Yaani zaidi ya nusu ya mzigo huo ni vitu ambavyo udongo ungevipokea bure.

Zinazokusanywa huenda dampo la kisasa la Chidaya, upande wa Matumbulu. Ambazo hazikusanywi unazijua mwenyewe: korongo la nyuma ya mtaa, kiwanja kisichojengwa, na wakati wa upepo wa Juni hadi Septemba, kwenye miiba ya kila mti kuanzia hapa hadi barabara kuu.

Nikitenganisha, si gari la taka linakuja kuchanganya tena?

Hili ndilo swali linalouma kuliko yote, na aliyeuliza ana haki.

Nilishuhudia mwenyewe. Kwenye mtaa mmoja tulihamasisha nyumba kadhaa kwa miezi miwili. Wakanunua ndoo za pili kwa hela zao. Mama mmoja aliifunga ya kwake utepe wa kijani ili watoto wasikosee, akawa anasuuza hata chupa za maziwa. Siku gari lilipokuja, kijana wa juu ya gari alipokea ndoo ya kwanza, akaipindua. Akapokea ya pili yenye utepe wa kijani, akaipindua palepale juu ya ile ya kwanza. Mama alisimama tu, hakusema neno. Wiki iliyofuata ndoo ya utepe wa kijani ilikuwa bafuni inawekewa maji. Sikuwa na la kumwambia.

Kijana yule hakuwa na kosa. Gari lina sehemu moja tu ya kubebea, na yeye analipwa kwa kumaliza mitaa, halipwi kwa kutenganisha. Tulichojifunza, na ambacho sasa tunamwambia kila mtu kabla hajanunua ndoo, ni hiki: kinachotenganishwa kisisubiri gari. Mabaki ya chakula yaishie nyumbani kwako, au kwa jirani mwenye kuku, mbuzi au bustani. Chupa, chuma na maboksi viende kwa mnunuzi au kwa mwokotaji kwa njia yake. Gari libaki na kile kisicho na pa kwenda: pampasi, pakiti za biskuti, vumbi la kufagia. Ukifanya hivyo, hata gari likichanganya, halina cha kukuharibia.

Na bado tuendelee kudai. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, pamoja na kuweka utaratibu wa kuzitenganisha pale zinapozalishwa. Gari au guta la siku maalumu kwa taka kavu pekee si ombi kubwa. Lisemwe kwenye kikao cha mtaa, liandikwe kwenye muhtasari, na kikao kijacho liulizwe tena.

Naanzia wapi nyumbani?

Usianze na ndoo nne za rangi nne kama ulivyoona kwenye picha za nchi za nje. Anza na kiroba kimoja kikavu, kile cha kilo 25 cha unga, kitundike kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Kila kilicho kikavu na safi kinaingia humo: chupa, makopo, karatasi, maboksi yaliyokunjwa. Chupa iliyokuwa na maziwa au mafuta isuuze kwa maji uliyokwisha kuoshea vyombo; hatuna maji ya kuchezea hapa Dodoma. Ndoo ya zamani inabaki na vinavyooza. Basi. Ukizoea kwa mwezi mmoja, utajua mwenyewe kama unahitaji cha tatu.

Mboji Dodoma? Huku kukavu hivi?

Inawezekana, ila usiige watu wa Rungwe au Moshi. Kwao lundo la mboji linajengwa juu ya ardhi na mvua inalinyeshea. Sisi tunapata mvua ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kwa kawaida chini ya milimita 700 kwa mwaka, na baada ya hapo ni upepo. Lundo la juu linakauka kwa siku tatu na kubaki kama majani ya kuezekea. Huku tunachimba shimo.

Chimba penye kivuli, upande ambao maji ya mvua hayatuami, kina cha mkono hadi begani, upana wa karai kubwa mbili. Chini tandika vijiti na mabua ya mahindi au mtama ili hewa ipite. Juu yake weka tabaka la majani makavu, kisha mabaki ya jikoni, kisha konzi chache za samadi au udongo wa juu wenye rutuba, halafu majani tena. Kanuni ya mkono ni hii: kila kopo moja la vibichi, makopo mawili ya vikavu. Vikizidi vibichi panavunda na kuleta nzi. Vikizidi vikavu panalala tu, hapaozi. Nyunyizia maji ya kuoshea mboga au mchele. Unyevu wake uwe kama kitambaa kilichokamuliwa: ukifinya konzi ya mboji isidondoshe maji, lakini kiganja kibaki na ubaridi. Funika kwa kiroba cha zamani na mawe pembeni, kwa ajili ya upepo na mbwa.

Baada ya siku kadhaa ingiza fimbo katikati, iache kidogo, halafu itoe uishike. Ikiwa ya moto, wadudu wadogo wanafanya kazi. Shimo lililo sawa hufika nyuzi 55 hadi 65, joto la kuua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya magonjwa. Ikiwa baridi, ongeza vibichi na maji. Geuza kwa jembe au uma kila wiki mbili. Ukikuta mchwa, jua pamekauka na hapajaguswa muda mrefu. Nyama, mifupa yenye mafuta na samaki visiingie, vitakuletea paka na panya wa mtaa mzima.

Ndani ya miezi miwili hadi mitatu unapata kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa mvua ya kwanza. Nilimpelekea mzee mmoja jirani yangu ndoo moja kwa ajili ya mzabibu wake wa uani. Alikinusa, akakisugua kati ya vidole, akaniuliza nimekinunua kwa nani. Nilipomwambia ni maganda ya kwangu na ya kwake, alikaa kimya kidogo, kisha akamwita mjukuu aje aone.

Na mzabibu ni hoja ya maana kwetu. Mkoa huu ndio wa zabibu, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Matumbulu hununua samadi kwa tripu. Taka za soko la Majengo, Sabasaba na soko la Job Ndugai, matikiti yaliyopasuka, majani ya kabichi, nyanya zilizooza, zingepikwa zikawa mboji badala ya kusafirishwa kwenda kufukiwa. Kinachofukiwa bila hewa kinatoa methani, gesi inayobeba joto kama mara 28 kuliko hewa ya ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Tunalipia mafuta ya gari kwenda kufukia mbolea, huku mkulima kilomita chache kutoka hapo anatafuta mbolea.

Sina uwanja. Naishi chumba kimoja.

Tafuta mwenye kuku. Kweli, usilichukulie hili kama utani. Kila mtaa una mtu mwenye kuku, mbuzi au bustani ya mchicha, na ndoo ya maganda safi, isiyo na plastiki ndani, ni zawadi kwake. Sharti ni hilo moja: isiwe na plastiki. Mbuzi akila mfuko, haumeng'enywi. Unakaa tumboni pamoja na mingine hadi siku anapochinjwa, au anapokufa akiwa amekonda na tumbo limejaa. Mchinjaji yeyote wa mnada wa Msalato atakusimulia aliyowahi kuyatoa kwenye tumbo la mnyama.

Nini kinanunuliwa, na nini hakinunuliwi?

Vinanunuliwa chuma chakavu, shaba, aluminiamu kama sufuria zilizotoboka na makopo ya vinywaji, betri za gari, chupa za maji na soda, plastiki ngumu kama ndoo zilizopasuka, majagi, viti na madumu, na maboksi makavu. Aluminiamu inathaminiwa kwa sababu kuiyeyusha tena kunatumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitengeneza upya kutoka kwenye udongo wake.

Mifuko laini iliyochafuka, pakiti za biskuti na krispi zenye ngozi ya kung'aa ndani, vyombo vyeupe vyepesi vya kufungia chipsi, hivi hakuna anayevichukua. Njia pekee ni kuvipunguza. Nenda kwa mama lishe na bakuli lako. Chupa za glasi za bia na soda zinarudi dukani na kreti. Nyingine, kama za mvinyo, hukaa bila mnunuzi, ingawa mafundi wengine huzikata kuwa glasi.

Ukigeuza chombo cha plastiki chini utaona pembetatu yenye namba. Namba 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni madumu na chupa nzito za sabuni, 5 ni ndoo, vifuniko na mabakuli. Hizo tatu ndizo zinazotembea sokoni. Usizichanganye kwenye kiroba kimoja ukienda kuuza. Mnunuzi atakupa bei ya ile ya chini kwa mzigo wote.

Mbona bei ya chupa ni ndogo hivyo?

Kwa sababu chupa ni hewa. Kilo moja ya chupa tupu za nusu lita inaweza kufika chupa 60 hadi 100, kutegemea unene wake. Viwanda vingi vya kuzisaga viko Dar es Salaam na Pwani, na kutoka hapa ni kilomita kama 450. Mnunuzi wa Dodoma analipa gari zima kubeba upepo, na nauli hiyo anaikata kwenye kilo yako. Ndiyo maana chupa iliyokanyagwa na kufungwa kifuniko ina faida kwake, na wakati mwingine kwako. Bei yenyewe hupanda na kushuka, siwezi kuiandika hapa ikakaa.

Niseme wazi: nyumba moja haitatajirika kwa chupa zake. Anayekuambia utatajirika anakudanganya, na watu waliodanganywa hivyo ndio wanaoacha upesi. Ila nyumba 30 zikikusanya mahali pamoja, kijana mmoja mwenye toroli anapata siku ya kazi.

Wale waokota chupa niwaruhusu wafike getini? Wengine wanasema ni vibaka.

Waruhusu, na uwasalimie. Urejelezaji wa Dodoma unabebwa mgongoni na hawa, wengi wao akina mama na vijana wanaotembea kilomita nyingi juani na kiroba. Wanapasua mifuko ya taka kwa kuwa hatukuwatengea. Mikono yao inakutana na sindano, wembe na pampasi zetu. Ukitundika kiroba cha vikavu nje siku fulani ya wiki, hana sababu ya kuchokonoa jalala, na wewe huna sababu ya kumwogopa.

Kama wasiwasi unabaki, chagueni mtu wenu. Mtaa mmoja tuliotembelea walimkubali mama mmoja, mwenyekiti wa mtaa akamtambulisha kikaoni, akapewa koti la rangi na Jumatano yake. Sasa wanamwita "mama Jumatano". Watoto wakimwona wanakimbilia jikoni kuchukua kiroba. Hakuna semina tuliyoifanya iliyofanikiwa kama huyo mama.

Nalipa ada ya taka kila mwezi. Kwa nini nifanye kazi ya watu wa taka?

Ada unayolipa ni ya kuondoa taka, na ni haki yako gari lije. Lakini ndoo inayooza inajaa siku ya tatu, na gari linaweza kuchelewa hadi ya saba. Aliyetoa mabaki ya chakula kwenye ndoo anakaa wiki nzima bila nzi wala harufu. Faida ya kwanza unaipata mwenyewe, kabla ya jiji.

Tuko wapangaji sita, jalala moja. Nikitenganisha mimi, wengine je?

Hili ni gumu kweli. Kwenye nyumba za kupanga tumeona njia moja ikifanya kazi kuliko nyingine: anayehusika ni mwenye nyumba. Anaweka kiroba kimoja cha chupa uani, na hela ya zinazouzwa inanunua kitu cha wote, balbu ya nje au sabuni ya choo. Ikiwa hela inaingia mfuko wa mtu mmoja, ugomvi unaanza wiki ya pili. Tangazo la ukutani halisaidii, tumelijaribu.

Kwa nini nisichome tu? Ndivyo tulivyofanya siku zote.

Babu zetu walichoma majani na mabua. Plastiki ni kitu kingine. Ikiungua kwenye moto mdogo wa uani, joto halitoshi kuimaliza, na moshi wake mweusi hubeba sumu, zikiwemo dayoksini, ambazo zinakaa kwenye udongo na kuingia kwenye mayai ya kuku wanaodonoa jivu hilo. Wa kwanza kuvuta moshi huo ni mtoto aliyetumwa kwenda kuwasha. Msimu wa upepo kuna na hatari ya moto kuruka ua. Tafadhali acha, hata kama mengine yote ya ukurasa huu hutayafanya.

Pampasi, betri na sindano?

Pampasi na pedi hazirejelezwi. Zifunge vizuri, ziende na gari. Zisitupwe chooni wala korongoni. Betri ndogo, taa na simu zilizokufa ziweke kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na watoto, na usizitupe kwenye shimo la mboji wala motoni. Fundi simu wengi huzichukua kwa ajili ya vipuri. Betri ya gari isimwagwe tindikali yake uani, iuze nzima. Sindano za wagonjwa wa kisukari zikae kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na zirudishwe kwenye zahanati au kituo cha afya.

Watanzania tunaweza kubadilika kweli?

Tuliacha mifuko ya rambo. Tarehe 1 Juni 2019 katazo lilianza, na ndani ya majuma machache sokoni Majengo kila mtu alikuwa na kikapu au mfuko mbadala. Wengi walisema haiwezekani. Iliwezekana kwa sababu siku ileile mfuko mwingine ulikuwa mkononi mwa muuzaji. Vifungashio vyembamba vya nailoni vimerudi kwenye magenge na nasikitika kila nikiviona, lakini mwaka ule ulituonyesha namna watu wanavyobadilika: mbadala ukiwa karibu kuliko mazoea.

Hata usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunautambua wote. Ningependa siku moja tukifagia, tusilundike kila kitu kwenye fungu moja.

Watoto wafundishwe shuleni?

Ndiyo, lakini shule iwe na shimo la mboji na bustani inayolitumia. Mtoto aliyeona mchicha ukiota kwenye maganda ya jana hahitaji kuimbishwa.

Mimi ni mwenyekiti wa mtaa. Nawezaje kujua kama watu wangu wako tayari?

Shikamoo kwanza, na asante kwa kuuliza. Usipige kura ya mikono kikaoni. Mikono yote itanyooka. Chagua nyumba 10 zinazofuatana, barabara moja. Tafuta kwanza mwokotaji au mnunuzi atakayepita kwa siku maalumu, umhakikishe atakuja hata mzigo ukiwa mdogo. Ndipo ugawe viroba. Baada ya wiki nne pita mwenyewe uhesabu viroba vilivyotundikwa. Vikiwa sita, ongeza barabara ya pili. Vikiwa viwili, usiwalaumu. Kaa na wale wanane, uliza ni siku gani mwokotaji hakufika, au ni nani hakuambiwa. Mara nyingi utakuta sababu ni mojawapo ya hizo mbili.

Nikikwama nimuulize nani?

Mtendaji wa mtaa na afisa afya wa kata ndio wa kwanza kwa habari ya gari, ada na utupaji wa ovyo. Kwa mboji, afisa kilimo wa kata, au mkulima yeyote wa mzabibu aliye karibu nawe. Na kwa bei ya leo, nani ananunua nini na wapi, msimamishe mama mwenye kiroba anayepita mbele ya geti lako asubuhi. Mpe maji ya kunywa, halafu umuulize.